Mrejesho: Moyo kwenda mbio usiku
Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini moyo unanidunda usiku hadi nahisi nakata roho. Nilipima kama mlivyosisitiza. Moyo mzima, daktari akasema ni wasiwasi.

Akanieleza neva ya vagasi, yaani mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na viungo vya ndani: inatoka kwenye shina la ubongo, inapita shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Nyuzi zake nyingi hupeleka habari juu, ubongoni. Kumbe tumbo likivurugika na akili haitulii (mimi nilisingizia maharage!). Ukitoa pumzi polepole, neva hiyo hupunguza mapigo.

Navuta sekunde 4, natoa 6, kwa dakika 10 kabla ya kulala. Wiki ya kwanza, patupu. Sasa nalala, ingawa juzi ilinirudia kidogo. Aliyeniambia ninawe uso kwa maji ya barafu: yanasaidia, ila mke wangu bado ananicheka.