Kikundi cha ukoo: "Salalah twende lini?"

Ijumaa, 20 Juni

Zuwena, 16:05: Assalaam alaykum jamaa. Natoka sokoni sasa hivi, gari linanionesha nyuzi 46. Usukani haushikiki, nimeushika kwa ncha ya mtandio mpaka nyumbani. Maskati imenishinda. Tarehe 27 nawapakia wanangu, nakwenda kusini, Salalah kwa kaka Seif, kwenye manyunyu ya kharifu. Nani anafuatana nami?

Khamis, 16:07: Waalaykum salaam shangazi. Mie nimo. Lakini simu yangu inasema Salalah nyuzi 29, mawingu, mvua hakuna wiki nzima. Kharifu gani hiyo?

Salum, 16:07: Khamis na simu yake 😂 Ndiyo ile ile iliyotuambia upepo hakuna, hema likaenda kwa jirani.

Seif, 16:15: Waalaykum salaam. Karibuni nyote, nyumba yenu hii. Ila Zuwena, tarehe 27 mapema. Kharifu inaanza kesho tarehe 21 kwa kalenda, lakini majani hayasomi kalenda. Mlima sasa hivi una rangi ya ngamia. Manyunyu yameanza juzi usiku, asubuhi nimekuta gari limelowa, basi. Ukija wiki ijayo wanao watanilaumu mimi.

Zuwena, 16:16: Kwani majani yanataka muda gani?

Seif, 16:18: Wiki tatu nne za rasharasha. Katikati ya Julai mlima unageuka. Agosti ndiyo penyewe.

Seif, 16:21: Na Khamis, mvua ya huku si ya kupiga bati. Ni ukungu unaotembea. Unakwenda msikitini na kanzu kavu, unarudi imekugandama mgongoni na hujaona tone hata moja. Juu mlimani miti ndiyo inayoukamata. Ukisimama chini ya mti unalowa, ukitoka nje ya mti hulowi.

Salum, 16:22: Ami, swali langu la miaka yote. Nchi moja, miezi hiyo hiyo. Sie tunaungua, nyie mnavaa makoti. Kwa nini?

Seif, 16:25: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:08)

Mwana, 16:29: Ami, Bibi hapa anasema uandike, sauti inakatika. Intaneti ya Unguja leo haina nguvu.

Seif, 16:38: Haya. Upepo wa kusini magharibi unapita sambamba na pwani yetu. Unayasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na maji baridi ya chini yanapanda kushika nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji yale inapoa, inakuwa ukungu, inakuja kugonga mlima. Ingetaka kupanda iwe mawingu ya mvua kubwa, haiwezi. Juu yake pana hewa ya moto ya jangwani imeifunika kama mfuniko wa sufuria. Basi inabanwa hapo, baina ya bahari na kilele, miezi mitatu. Ukivuka kilele tu, upande wa pili jangwa kavu.

Salum, 16:39: Na sie wa kaskazini?

Seif, 16:40: Nyie upepo umekupiteni, ushakwenda zake India.

Mwana, 16:46: Nimemsomea Bibi yote. Anasema, naandika kama alivyosema: "Waambie hiyo kharifu yao, mie naujua upepo huo, ni kusi. Linapita hapa kwetu kwanza."

Mwana, 16:47: Ngojeni, anaendelea.

Mwana, 16:52: "Wiki ya pili hii nalala na blangeti, kipupwe kimeingia. Kusi hilo hilo linalonitia baridi mie ndilo linalompa Seif majani. Babu yenu alikuwa akenda Arabuni na jahazi. Akiondoka kusi linapoanza, au akingoja lilegee. Katikati hapa, mwezi wa sita na wa saba, hakuondoka hata kwa kubembelezwa. Bahari ya huko wakati huu haina rafiki."

Seif, 16:54: Kweli kabisa Mama. Na huku wenye mashua ndogo wameshazipandisha pwani. Ufukweni Mughsail maji yanaingia chini ya mwamba na kufumuka juu kwenye matundu, unayasikia yanavuta pumzi kabla hayajaruka. Kutazama tu lakini. Kuogelea hakuna mpaka kharifu iishe.

Zuwena, 16:55: Wanangu washanunua nguo za kuogelea!!

Seif, 16:55: Zirudishwe dukani.

Khamis, 16:57: Na kimbunga je? Kama kile cha 2018?

Seif, 17:01: Mekunu ilitupiga 25 Mei, kabla ya kharifu. Vimbunga vya huku huja Mei mpaka mwanzo wa Juni, au Oktoba na Novemba. Kusi likishashika sawasawa, upepo wa juu na wa chini unavutana, kimbunga hakipati pa kusimama. Mie nnachokuogopeeni ni barabara.

Salum, 17:08: Hapo mie shahidi. Kilomita elfu kutoka Maskati, na zote si kitu ila zile za mwisho. Haima tumepita, jangwa tupu. Thumrait jua linachoma, kiyoyozi kinalia. Tunaukaribia ukingo wa mlima tuanze kushuka, gari la mbele likapotea. Halikukata kona, limepotea tu pale pale. Na kioo changu kikawa cheupe. Mie nafuta ndani kwa kofia, nafuta, hakifutiki. Kumbe kioo kimepoa kwa kiyoyozi, unyevu uko nje. Mke wangu ndiye aliyenyoosha mkono akawasha waipa.

Zuwena, 17:09: Na kofia?

Salum, 17:09: Tusizungumze habari ya kofia.

Seif, 17:14: Kwa hivyo sikilizeni. Fikeni Thumrait mchana, si magharibi. Kwenye ukungu taa ndogo, kubwa zinakurudishia mwanga machoni. Taa za dharura usiwashe na huku unakwenda, wa nyuma hajui kama umesimama. Na angalieni ngamia. Wakati huu wengi wanateremshwa uwandani, kule juu tope linateleza na ngamia na tope hawaelewani. Mweusi anasimama kati ya njia kwenye ukungu, humuoni mpaka mmesalimiana.

Khamis, 17:16: Basi tarehe ngapi?

Mwana, 17:19: Bibi anasema Zuwena angoje demani. Kusi likilegea, jua linatoka na majani bado yapo.

Seif, 17:21: Ndivyo tufanyavyo wenyeji. Baada ya 21 Septemba ukungu unaondoka, wageni wanaondoka, mlima unabaki kijani na mbingu wazi. Hapo ndipo unauona mlima wenyewe.

Zuwena, 17:22: Na skuli nitawafunza mie? Septemba haiwezekani. Na mpaka Agosti nitakuwa nishaiva.

Seif, 17:23: Wiki ya pili ya Agosti. Utakuta foleni ya magari barabara ya Ittin, lakini utakuta na majani.

Zuwena, 17:26: Haya. Wiki ya pili ya Agosti. Khamis na Salum, msinibadilikie.

Salum, 17:27: Mie nimo, mradi tule mishikaki ya njiani kule Ittin. Ile ya kusimama kwenye manyunyu, moshi unakuingia machoni na mgongo unatetemeka.

Mwana, 17:30: Bibi anauliza kama kweli Salalah kuna madafu.

Seif, 17:31: Yapo Mama. Vibanda vimejipanga njia nzima, madafu, mapapai, ndizi. Ukifumba jicho moja unadhani uko shamba.

Mwana, 17:33: Anasema basi asiletewe madafu, anayo uani.

Mwana, 17:36: Anataka ubani. Hojari, ule mweupe wenye ukijani, unaotoka nyuma ya mlima kusikofika manyunyu. "Seif ananunua kwa macho yake, si kumtuma mtoto. Mara ya mwisho alinletea uliojaa magome."

Seif, 17:37: Mama, ile ilikuwa mwaka 2011.

Mwana, 17:38: Anasema ndiyo huo huo.