Emacs Lisp na alama ya ,@ : vekta ikikaa katikati inafunguliwa, ikikaa mwisho inamezwa nzima!

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Hapa Kirumba, Mwanza, tunatengeneza programu ndogo ya kuorodhesha samaki wanaoshushwa mwaloni, na baadhi ya aina zao tumezihifadhi katika vekta (safu ya vitu, ambayo si orodha) iitwayo samaki, yaani [sato sangara]. Katika Emacs Lisp, lugha ya kihariri cha Emacs, nukuu ya nyuma (`) huunda orodha, na ,@ ndani yake humwaga humo vilivyomo katika kitu kinachoifuata. Tazameni wenyewe:

`(dagaa ,@samaki furu)
→ (dagaa sato sangara furu)

`(dagaa ,@samaki)
→ (dagaa . [sato sangara])

Nukta hiyo maana yake vekta imekaa nzima kwenye mkia wa orodha. Vekta ni ile ile na alama ni ile ile. Aliyeondoka ni furu peke yake, na orodha nzima imeharibika bila onyo lolote!

Chanzo chake ni append, kitendakazi cha kuunganisha orodha, na cons, cha kuongeza kitu mbele ya orodha. Emacs huigeuza nukuu ya mfano wa pili kuwa mwito wa cons, unaobandika vekta mkiani kama ilivyo; ya mfano wa kwanza hutumia append, ambayo hupokea orodha, vekta na hata stringi, ikavifungua vyote na kunakili vilivyomo, isipokuwa kitu cha mwisho, ambacho huunganishwa kama kilivyo bila kukaguliwa. Kwa mtindo huo huo, `(1 ,@"ab" 2) inarudisha (1 97 98 2), herufi zikiwa zimegeuzwa namba pasipo mtu kuomba. Hitilafu yenyewe hujitokeza baadaye, pale length (ya kuhesabu) au dolist (ya kupitia orodha) inapokuta vekta kwenye mkia wa orodha, na hapo unakuwa umeshafika faili nyingine kabisa, unamshuku asiyehusika.

Najua watakuja wa kusema kwamba mwongozo unazungumzia orodha tu, hivyo aliyeingiza vekta amejitakia. Sawa, basi na katikati ikataliwe! SBCL, mojawapo ya programu zinazoendesha lugha ya Common Lisp, angalau hutoa hitilafu ya aina ikikuta vekta katikati, ingawa nayo mwishoni huipitisha kimya kimya. Clojure, lugha nyingine ya jamii ya Lisp, huifungua popote ilipo. Tena, anayetaka kweli jozi yenye nukta ana njia yake ya wazi, `(dagaa . ,samaki), kwa hiyo sielewi ,@ ya mwisho inamhifadhia nani tabia hii.

Kwa sasa tunaandika ,@(append samaki nil) kila mahali, kiraka ambacho asiyejua kisa chake atakifuta akidhani hakina kazi. Wanaoitetea hali hii waje hapa waeleze kwa nini hata onyo wakati wa kukompaili lisitolewe.