Wakuu, tochi gani ya kuweka kwenye gari? Yamenikuta Nyanguge usiku

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Wakuu kwema? Mi niko Igoma hapa Mwanza, nina kigari changu kidogo naendaga nacho Lamadi kila baada ya wiki mbili kufuata mzigo. Alhamisi nimechelewa kutoka kule, nimeshapita Magu, kabla sijafika Nyanguge kama saa 3 usiku hivi nasikia gari linavuta upande, kushuka pancha, tairi la nyuma kulia, yaani upande ule ule magari yanapopita. Mwezi hakuna, nyumba hakuna, simu ina asilimia 11. Nikawasha tochi ya simu nikaibana kwa meno maana mikono yote iko kwenye wili spana, mate yanashuka kwenye kioo, nikigeuza shingo kidogo tu mwanga unaenda kwenye majani badala ya kwenye nati. Nati ya tatu ikaniponyoka ikaviringika chini ya gari, natambaa kuitafuta na simu nayo ikazima. Hapo likapita semi na honi yake, upepo tu ulitaka kunidondoshea gari kwenye jeki.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa baiskeli, amevaa tochi ya kichwani na nyuma kafunga gunia la mkaa. Kasimama, kainama mara moja, kaokota nati, kanipa. Kisha akaangalia gari, akaniangalia mimi, akasema "ng'wanawane (mwanangu), ligari lote hili, tochi huna?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa naombeni ushauri, ya kuchaji au ya betri za kawaida? Watt ngapi? Pale Makoroboi mjini nimeona za elfu 8 mpaka elfu 45 na zote wauzaji wanasema ndo original.

Sato_Mbichi:
Nimesoma kichwa cha habari "tochi" na "Nyanguge" nikajua umepigwa tochi ya spidi na trafiki, nimekuja mbio na pole ya faini ya elfu 30 😂😂

Fuso_la_Sirari:
Pole sana mkuu. Mi barabara hiyo nimeipiga miaka na fuso Mwanza Sirari Mwanza, nikwambie kitu, kabla ya tochi kuna kosa moja umelifanya na hujalisema, kwa nini ulibadilishia tairi pale pale? Ukiwa na pancha ya upande wa kulia usiku, tembea nayo taratibu mpaka upate sehemu pana ya kutoka barabarani, tairi likiharibika liharibike, tairi linanunuliwa. Ukishatoka washa hazadi, abiria wote washuke wakae mbali na lami, wasikae nyuma ya gari kupiga stori, ndo hao wanaogongwa. Halafu zile reflekta za pembetatu ambazo wengi tunazo kwa ajili ya kumuonyesha trafiki tu, zitoe, peleka moja nyuma mbali, hesabu hatua 50 au zaidi, na kama kuna kona iweke kabla ya kona. Mtu anayekuja na 80 anakula mita 22 kila sekunde, akikuona uko mita 30 mbele yake hana cha kufanya hata akiwa na breki mpya.

Na wale wa kukata matawi na kupanga mawe, sawa, tawi linasaidia kama huna kingine, ila jamani mkimaliza toeni mawe yenu! Nishavunja springi kwa jiwe la mtu aliyeondoka zamani.

Tochi yenyewe sasa. Usimmulikie dereva anayekuja ukidhani unamsaidia akuone, unampofua, na anayeona taa nyeupe moja mbele anaweza kudhani ni pikipiki inakuja akakwepea upande uliopo wewe. Mwanga mweupe uelekeze chini kwenye tairi. Ukienda kupanga reflekta shika tochi imulike miguu yako na lami unapokanyaga, inatosha kukuonyesha. Mi nina kipande cha kioo chekundu cha taa ya nyuma ya gari iliyokufa, nakifunga kwa raba mbele ya tochi ya pili na kuiacha chini nyuma ya gari. Mtu akiona nyekundu mguu unaenda wenyewe kwenye breki.

nyegezi_boy:
Mnakuza mambo, simu ya siku hizi tochi yake inatosha, chaji simu yako basi

Fuso_la_Sirari:
@nyegezi_boy na ukishaitumia nusu saa utampigia nani kwa chaji ipi? Simu iache iwe simu.

Fundi_Mlango_Mmoja:
Naongezea upande wangu maana hizi vitu zinakuja mezani kwangu kila siku zimekufa. Mleta mada achana na kuuliza watt, uliza lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga), na ukiona imeandikwa lumeni 100,000 kwenye tochi ya elfu 8 cheka tu uendelee na safari. Kwa kubadilisha tairi lumeni 100 mpaka 200 unaona mpaka sisimizi. Inayowaka kiasi masaa mengi ni bora kuliko inayopiga mpaka Ukerewe kwa dakika 10 halafu inakuwa kama koroboi (na hapo Makoroboi jina limetokana na koroboi zilizokuwa zinatengenezwa pale kwa makopo, vijana wengi hawajui).

Betri za lithiamu za kuchaji zile nene kidogo kuliko zile ndogo za rimoti zinaitwa 18650, kuna wanaobandika 9900mAh (kiasi cha chaji inachobeba) juu yake. Uongo. Betri ya saizi ile, nzuri kabisa, inaishia 3500 na ushee. Ipime kwa mkono, nzima ina kama gramu 45, feki ni nyepesi, nimeshapasua moja nikakuta kibetri kidogo ndani na unga umejazwa kuzunguka. Na hizo za lithiamu usiziache juu ya dashibodi gari likiwa juani Mwanza hii, jua la saa 8 linapika betri mpaka inavimba.

Za kawaida za volti 1.5 ubaya wake zikikaa miezi zinavuja, yale maji yanakula springi na tochi ndo imeisha hivyo. Ukitaka kuiweka garini muda mrefu legeza kifuniko cha nyuma nusu mzunguko, kama bodi yake ni ya chuma inakata mawasiliano na haiwezi kujiwasha yenyewe kwenye begi. Faida yake betri hizo kila duka la kijijini zipo, ya kuchaji ikiisha Lamadi usiku utachomeka wapi?

Mama_Dagaa_Kayenze:
Wanangu habari za saa hizi. Mi nawaambia ya kichwani, hamna nyingine. Sisi huku tunalala mwaloni siku za giza maana dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa mkubwa, zamani zilikuwa karabai na saa hizi taa za sola, lakini kichwani kila mtu ana yake, mikono inataka nyavu na ndoo. Kasoro moja, wadudu wa ziwani wakitoka wanafuata mwanga na mwanga uko kwenye uso wako, unaongea na mwenzio unameza wawili watatu. Basi ivue, ining'inize mbali kidogo, au punguza mwanga.

Na ya kwenye mtumbwi iwe haiingii maji, kwenye boksi tafuta IPX7, maana yake inavumilia mita 1 ya maji nusu saa. Ifungwe kamba. Yangu ya kwanza ilizama inawaka, tukaiangalia inashuka mpaka ikapotea. Nyie wa magari mkisimama karibu na maji usiku mulikeni kwanza kabla ya kushuka kujisaidia kwenye majani, viboko wanatoka kula usiku.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Asanteni sana wakuu na Mama shikamoo. Mrejesho: jana nimenunua ya kichwani elfu 18, ya betri tatu za kawaida, na reflekta nimezitoa kwenye karatasi yake kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari. Kioo chekundu nimeahidiwa na fundi wa Buhongwa.

Tatizo, jana hiyo hiyo usiku umeme umekatika, wife kaivaa kupikia, watoto wakagombania kwenda nayo chooni, asubuhi naingia kwenye gari haipo. Nimeikuta jikoni juu ya ndoo bado inawaka. Leo narudi mjini kununua ya pili.