Fred Kabotie, mchoraji wa Kihopi (kabila la wenyeji asilia wa Marekani), nani amjua?

fundi_kibokoni: Wadau, mie nachonga milango huku Mji wa Kale, jana nimeona picha za huyu Kabotie wa Arizona zikanikosesha usingizi wallahi. Alianzaje kuchora?

binti_wa_ndia: Alitolewa kwao Shungopavi akapelekwa skuli ya serikali Santa Fe, na enzi hizo watoto wakikatazwa mila zao, sasa kwa kule kukumbuka kwao akawa achora ngoma za katsina, zile roho za mila ya Kihopi, mke wa mkuu wa skuli akimtia moyo. Yaani upweke ndio ulomshikisha brashi.

likoni_feri: Na ule mnara wa Desert View pale Grand Canyon, ukutani kachora hadithi ya kijana alosafiri na mto Colorado! Lakini mimi kilonigusa zaidi ni kusomesha, 1937 hadi 1959 alifunza watoto wa Kihopi kuchora, tena baada ya Vita vya Pili vya Dunia yeye na Mhopi mwenziwe Paul Saufkie wakawafunza maaskari walorudi nyumbani kazi ya usonara. Masonara wetu hapa wamfunza nani?

fundi_kibokoni: Shukran sana ndugu zangu. Kijana wangu aanza Jumamosi, patasi nishamtilia makali.