Mkimbiaji kampiga kikumbo mdakaji, nikamtoa nje. Nilikosea?

Mwl wa Makorora
Wakuu, habari za Jumapili. Nafundisha michezo sekondari moja hapa Tanga, na besiboli nimeachiwa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Jana mechi ya kirafiki, bado hakuna auti hata moja. Mkimbiaji katoka besi ya tatu anakwenda nyumbani, besi ya mwisho inayoleta pointi; mdakaji anayeilinda keshaushika mpira, anamngoja pembeni. Yule kijana kaacha njia yake, kamfuata, kampiga bega la kifua. Mtoto chali, mdomo damu, mpira ukabingirika hadi kwenye mihogo ya jirani. Wa nyuma yake, aliyetokea besi ya pili, hakusimama, akapitiliza mpaka nyumbani.

Nikasema: wewe auti, na mechi umemaliza. Pointi ya wa nyuma nikaikubali. Kocha wao akaja juu: mpira umedondoka, mtoto wangu yuko salama, si auti, tena unamtoa kwa kosa gani?

Mdau Bagamoyo
Mwalimu, huyo kocha anasimulia ya zamani. Mei 2011 Buster Posey, mdakaji wa San Francisco Giants, alivunjwa mguu kwa kikumbo cha namna hiyo. Tangu 2014 ligi kuu ya Marekani imepiga marufuku mkimbiaji kuacha njia yake ili amgonge mdakaji. Akifanya hivyo ni auti, hata mpira ukidondoka. Kumtoa nje ni uamuzi mwingine, huo ni wa utovu wa nidhamu, na mwamuzi anao uwezo huo.

Bingwa wa Rede
Wangu ndio balaa. Wamekulia kwenye rede, kila mkimbiaji wanamtwanga mpira wa mgongo wakidhani ndiyo auti! Nawaambia huu si wa soksi. Mwaka 1920 Ray Chapman, mchezaji wa ligi kuu ya Marekani, alipigwa kichwani na mpira wa mrushaji, kesho yake akafariki. Mrushaji akimlenga mtu makusudi kwangu anatoka, na kocha wake nikiona alimtuma anamfuata.

Mdau Bagamoyo
Mwalimu, nimekusoma tena. Ile pointi uliikubali kwa nini? Ukishaita auti ya kikumbo mpira umekufa, wengine wanarudi besi ya mwisho waliyogusa kabla ya kugongana. Wa nyuma alikuwa wapi?

Mwl wa Makorora
Alikuwa hajaigusa ya tatu.

Jamani. Mechi iliisha 7 kwa 6, na walioshinda ndio hao hao wa kikumbo. Kocha wao mpaka leo kaninunia.