Kiolezo cha miksa kwa maonyesho ya muziki: kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe?

Fundi wa Makorora

Habari zenu wanajukwaa. Ninahudumia mitambo ya kundi la taarab asilia lenye fidla, udi, kanuni, akordioni, besi, dumbaki na waimbaji, na mara nyingine bendi ya dansi yenye magitaa matatu, tumba, dramu na tarumbeta. Kote ninatumia miksa ya kidijitali ya Behringer X32, na kila tunapofika ukumbini kazi ya kuzipa majina chaneli (njia ya kila chombo au kipaza kuingia kwenye miksa), kupanga monita (spika za wapigaji kujisikia) na kuweka mwangwi huanza upya huku wageni wakiwa wameshaanza kuketi. Ninataka kuandaa kiolezo kimoja, yaani faili la mipangilio iliyo tayari, kwa kila kundi, nikihifadhi kwenye flashi na kukifungua popote tunapokwenda. Wasiwasi wangu ni kwamba mipangilio iliyofaa katika uwanja wa wazi inaweza kufanya vipaza sauti vilie, sauti ya spika ikirudi ndani yake, katika ukumbi wa vigae wenye dari la chini. Kwa uzoefu wenu, ni mambo gani yaingie kwenye kiolezo na yapi yapangwe papo hapo? Je, kila ukumbi uwe na faili lake?

Fundi Sauti, Ilala

Ndugu yangu, mimi hujiuliza kuhusu kila mpangilio kama ni wa kundi au ni wa mahali. Mfuatano wa chaneli, majina na rangi zake, nani anasikia nini katika monita yake, aina ya mwangwi na chaneli zinazopelekwa humo, hayo ni ya kundi na hayabadiliki kwa kuwa mmevuka Mto Pangani. X32 ina njia 16 za kuchanganyia na nafasi 8 za efekti. Zigawe mara moja ukiwa nyumbani na uziache hivyo, ili mkono wako ujue pa kwenda bila macho kutafuta.

Vichujio vya sauti za chini navyo viingie humo, kwa sababu vinafuata chombo chenyewe. Uzi mzito wa fidla hupiga takriban Hz 196 (mitetemo 196 kwa sekunde), kwa hiyo kukata kila kilicho chini ya Hz 120 hakumpunguzii mpigaji kitu, bali kunaondoa mtetemo wa sakafu na mngurumo wa besi unaopenya katika kipaza chake. Besi yenyewe usiiguse hivyo, kwani uzi wake wa chini kabisa uko karibu na Hz 41.

Ya mahali ni geini (nguvu ya sauti inayoingia), ikwalaiza (kusawazisha sauti nzito na nyembamba) ya spika kubwa na ya monita, na ucheleweshaji wa spika za nyuma, ili sauti yake ifike pamoja na ile ya jukwaani. X32 inakuruhusu kuchagua sehemu zisizoguswa unapofungua mipangilio iliyohifadhiwa, nawe uzilinde hizo. Kiolezo kifunguke chaneli zote zikiwa zimezimwa na kitelezi kikuu kikiwa chini. Ninalisisitiza hili kwa sababu ya umeme wa volti 48 unaoendesha vipaza vya kondensa: faili likiuwasha wakati chaneli iko wazi, spika hupiga mshindo mkubwa, na anayeupokea kwanza ni mpigaji aliyeketi mbele ya monita.

Mratibu wa Jukwaa, Unguja

Ninaafiki yaliyosemwa, ila faili lisitegemewe peke yake. Faili la X32 husomeka kwenye Midas M32, kwa kuwa miksa hizo ni za ukoo mmoja, lakini halifunguki kwenye Yamaha wala Allen & Heath. Katika jukwaa linalopokea makundi kadhaa usiku mmoja, kama ilivyo kwenye tamasha la Sauti za Busara katika Ngome Kongwe, kiolezo kinachokufaa zaidi ni cha karatasi: orodha ya chaneli na mchoro wa jukwaa, vikimfikia mwenyeji mapema. Orodha itaje namba, chombo, kipaza au kisanduku cha DI (cha kuunganisha chombo cha umeme moja kwa moja na miksa), stendi ndefu au fupi, na kama volti 48 zinahitajika. Mchoro uonyeshe kila mtu anakaa wapi, monita ziko wapi na umeme unahitajika wapi.

Andika pia idadi ya viti, na useme wazi kwamba visiwe na mikono, kwa sababu mpiga udi hawezi kukumbatia chombo chake katika kiti chenye mikono. Mafundi waliozoea bendi za kusimama hawalifikirii hili mpaka kundi liwe tayari jukwaani. Tarehe iwekwe juu ya karatasi.

Kinanda, Mvita

Naomba niseme kwa upande wa wapigaji, kwa kuwa kiolezo cha fundi kinaweza kuwa sahihi kabisa na onyesho likaharibikia kwenye kinanda. Makundi ya taarab ya kisasa huweza kuhifadhi ngoma na nyuzi zilizorekodiwa katika kinanda au kompyuta, kila wimbo na faili lake. Tatizo huja wakati wa kutunza, yaani wasikilizaji wanapomzawadia mwimbaji. Mama mmoja akinyanyuka kumtunza mwimbaji, wenzake humfuata, na kiitikio hurudiwa mpaka wamalize. Rekodi yenye urefu uliofungwa huisha wao wakiwa bado njiani, na hiyo ni aibu kwa mwimbaji na kwa mtunzaji. Kiolezo chetu kwa hiyo kinaugawa wimbo katika vipande, yaani utangulizi wa vyombo, ubeti na kiitikio, na kila kipande hujirudia chenyewe mpaka mpigaji abonyeze swichi ya mguu. Tumehifadhi pia ufunguo (kimo cha sauti ya wimbo) wa kila mwimbaji kwa kila wimbo, maana wimbo mmoja huweza kuimbwa na watu wawili wenye sauti tofauti.

Fundi wa Makorora

Nawashukuru sana, hasa kwa suala la viti na la kutunza. Limebaki la faili la ukumbi.

Fundi Sauti, Ilala

Liwepo, lakini libebe mipangilio ya spika peke yake. Tuseme uwanjani umefunga spika za nyongeza mita 20 kutoka jukwaani: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzi joto 20, kwa hiyo utazichelewesha kama milisekunde 58. Usiku wa pwani wenye nyuzi 30 tofauti ni kama milisekunde moja tu, isiyostahili kukusumbua. Spika zikifungwa mita tano nyuma ya pale zilipokuwa awali, hapo ndipo namba ya zamani inakudanganya. Andika umbali katika jina la faili, na upime tena kwa futikamba kabla ya kulifungua. Baada ya onyesho usihifadhi juu ya kiolezo mama. Hifadhi kwa jina jipya lenye tarehe, kisha kesho yake, masikio yakiwa yamepumzika, hamishia kwenye kiolezo yale machache ambayo wapigaji wenyewe wamekubali kwamba yaliwafaa.