Msaada wakuu: watoto wa mbwa sita, walioweka oda tisa. Nimpe nani, nimwache nani?

Kibanda Uani (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, usingizi umekata. Nipo Goba, Dar. Kuna jike la German Shepherd, nyeusi na kahawia, amezaa watoto wanane. Wawili walikufa siku za mwanzo, wamebaki sita: madume manne, majike mawili. Wana wiki ya tano, wanakula uji wa dagaa na ndala zangu.

Shida ni daftari. Mimba ilipoanza kuonekana niliandika majina ya wanaotaka, kila mtu akaweka advansi ya laki moja, bei kamili laki nne. Wakafika tisa. Namba moja ana yadi ya magari Tegeta, anataka madume mawili. Namba tano mwalimu mstaafu. Namba tisa ana familia Kibaha, nyumba ina fensi. Moyo wangu uko kwa namba tano na namba tisa. Nifuate foleni, au niangalie mtu atakavyomtunza? Jumamosi wanaanza kuja kuchukua.

Mpiga Soga wa Buza
Niandike namba kumi. Advansi nalipa kwa kuku.

Mama Kimara
Pole baba. Mimi na mbwa tuliachana. Nilinunua kimoja barabarani kwa vijana wanaowabeba mikononi kwenye foleni ya magari, nikaambiwa kashachanjwa. Siku ya nne kinatapika, kinaharisha damu, harufu unaisikia ukiwa getini. Daktari akasema parvo. Wanangu walilia kama kafa mtu. Halafu jirani akaniambia nisilete mwingine mwaka mzima, maana hao wadudu wanabaki kwenye udongo. Sasa tuna paka. Paka naye ana mambo yake, ila hayo ni ya uzi mwingine.

Karanja wa Kiambu
Huku Nairobi wafugaji wale serious wanaosajili mbwa wao na East Africa Kennel Club hawafanyi hivyo ndugu yangu. Kwanza orodha haipiti idadi ya watoto unaotarajia, na kila mtu anaambiwa mapema kwamba asipopata zamu hii angoje uzao ujao au arudishiwe pesa. Pili, ukilipa ya kushika nafasi umelipia nafasi tu, hujalipia mbwa fulani. Mnunuzi anasema anataka dume au jike, na ni wa kazi gani. Mfugaji ndiye anachagua yupi aende wapi, akishawaangalia wakikaribia wiki ya saba: yule mkali anayeng'ang'ania kitambaa haendi kwa mwalimu mstaafu, na yule anayejificha nyuma ya mama yake haendi yadi ya magari.

Mpiga Soga wa Buza
Na yule anayekula ndala?

Karanja wa Kiambu
Huyo ni wa kila mtu.

Bei Gani
Bei gani mkuu? Na unafikisha Mbagala?

Fundi Bati
Mleta uzi, namba moja kakosea nini? Alilipa wa kwanza, sasa unamzunguka. Mimi kwenye kazi yangu mteja wa kwanza ni wa kwanza.

Kibanda Uani
@Fundi Bati hajakosea. Ila alipokuja kuwaona aliuliza mnyororo wa mita ngapi unatosha, na kama mbwa akilishwa mara moja kwa siku mbili anakuwa mkali zaidi. Sikupenda.

Mswahili wa Malmö
Basi mrudishie pesa yake leo. Huku Sweden mbwa haruhusiwi kufungwa nje zaidi ya saa mbili kwa siku, ni sheria. Nilipotaka mbwa, mama aliyekuwa anamuuza alinihoji kuliko walivyonihoji wa kibali cha kuishi. Nafanya kazi wapi, mchana nani atamtoa, nyumba ni ya kupanga au yangu, nikisafiri Tanga Desemba anabaki na nani. Nilisubiri karibu mwaka. Na mkataba unasema nikishindwa kumtunza namrudisha kwake, siruhusiwi kumpa mtu mwingine. Mwanzoni niliona dharau, mweusi kaomba mbwa anafanyiwa usaili. Baadaye nikagundua jirani yangu Mswidi kabisa alinyimwa.

Kibanda Uani
Pesa imeshaingia kwenye chakula na dawa. Mbwa anayenyonyesha anakula kama watu wanne.

Dokta wa Mifugo Moro
Acheni pesa kwanza. Jumamosi hakuna kitoto kinachotoka hapo. Wiki ya tano ni mapema mno. Wakae na mama na ndugu zao mpaka wiki ya nane, ndipo wanapojifunza kwamba ukiuma sana mwenzako anaacha kucheza na wewe. Ukimtoa sasa, huyo mwenye watoto Kibaha atakupigia simu mbwa anang'ata. Chanjo ya parvo inaanza kati ya wiki ya sita na ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu. Minyoo ulipaswa kuanza wakiwa na wiki mbili. Umeanza?

Kibanda Uani
Minyoo nimetoa mara mbili. Chanjo bado, nilidhani kila mnunuzi atajichanjia. Nashukuru Dokta, ila kuwaweka mpaka wiki ya nane haiwezekani.

Binti Pangani
Haiwezekani kwa nini? Goba mna viwanja vikubwa. Swali lako ni la foleni, lakini kila anayekwambia subiri unaruka kama umekanyaga msumari. Huyo jike ni wako? Nimesoma uzi mara mbili. Umeandika "kuna jike", hujaandika "nina jike".

Fundi Bati
Eeh! Binti Pangani upelelezi huo.

Kibanda Uani
Sawa. Jike ni wa bosi. Mimi ndiye ninayekaa kwenye nyumba, bosi yuko Muscat kikazi, anarudi mwisho wa mwezi. Lakini nisikilizeni kabla hamjanirukia. Anatuma elfu hamsini ya chakula cha mbwa, haitoshi hata wiki mbili. Dume la kumpandisha nimelitafuta mimi, nimelilipia mimi. Mimba ya karibu miezi mitatu nimeilea mimi. Usiku wa kuzaa nililala bandani, bosi hakuwepo. Hajawahi kuniambia asizae. Yeye anachotaka ni kumkuta mbwa wake mzima, na atamkuta mzima.

Mama Kimara
Mwanangu, kutokukatazwa si kuruhusiwa.

Binti Pangani
Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wewe daftari unalo, mali ndiyo huna.

Abuu Swaumu
Mimi niseme la dini. Sisi tunaofuata Imamu Shafi, bei ya mbwa haifai, mbwa awe wako au wa bosi. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioruhusu wa ulinzi na wa kuwinda. Ila hata kwao, kuuza cha mtu bila idhini yake hakuna aliyeruhusu.

Mpiga Soga wa Buza
Kwa hiyo namba kumi nijitoe?

Chumvi ya Mawe
Wakuu mnakunywa chai, tena ya tangawizi. Mbwa anabeba mimba siku 63, miezi miwili na kitu. Huyu anasema karibu miezi mitatu. Huyo ni mbwa au mbuzi? Halafu mtu mwenye watoto sita wa German Shepherd hata picha moja hajaweka. Kuna jamaa alikuja humu na hadithi ya ng'ombe wa shemeji, mkamchangia, mpaka leo hajarudi. Subirini namba ya M-Pesa.

Fundi Bati
Nami nilianza kuhisi. Mwalimu mstaafu, familia yenye fensi, tajiri mwenye mnyororo. Kama mchezo wa redio.

Kibanda Uani
Sijaomba hata mia ya mtu. Picha hiyo hapo chini.

Chumvi ya Mawe
Masikio yamelala yote sita. German Shepherd masikio yanasimama. Hao ni koko wa Goba waliopakwa rangi ya bahati.

Dokta wa Mifugo Moro
Chumvi, nakubali una macho, ila hapo umekosea. Masikio yao yanaanza kusimama karibu na miezi mitatu, wengine mpaka mitano, na wakati wa kung'oka meno yanaweza kusimama leo na kulala kesho. Wiki ya tano kulala ni kawaida. Kuhusu mimba: siku 63 zinahesabiwa tangu kupandishwa. Watu wengi wanahesabu tangu walipoona damu, na kupandishwa kunakuja siku tisa mpaka kumi na nne baadaye. Jumlisha, unakaribia miezi miwili na nusu. Mtu anayetunga angeandika 63 moja kwa moja, inapatikana kila mahali. Ukubwa wao unaendana na umri aliosema. Ubora wa baba yao siuoni kwenye picha.

Chumvi ya Mawe
Nimekaa pale. Chai imepoa lakini bado chai.

Bei Gani
Yule wa pili kutoka kushoto bei gani?

Karanja wa Kiambu
Kama ni kweli, basi foleni haipo kabisa. Mwenye mbwa ndiye namba moja. Mpigie kabla ya Jumamosi, mtumie picha hiyo hiyo. Akikuta watu getini na vikapu vya kubebea, umeisha.

Kibanda Uani
Nimempigia. Kwanza alinyamaza, nikadhani laini imekata. Halafu akauliza mama yao anaendeleaje. Kisha akaanza kusema, na mengine siyaandiki hapa. Amri ni hii: hakuna kuuza hata mmoja mpaka afike, chanjo analipa yeye, dume moja ni la shemeji yake Tanga, majike yote mawili anabaki nayo, waliobaki watatu ataamua yeye anampa nani. Namba tano na namba tisa nimewataja, akasema atawasikiliza. Yadi ya magari akakataa kabla sijamaliza sentensi.

Kwa hiyo ninadaiwa laki tisa na watu tisa, mfukoni nina laki mbili na nusu. Foleni ile ile, ila sasa ni ya madeni. Nianze na nani?

Fundi Bati
Namba moja. Alilipa wa kwanza, na ndiye anayejua pa kukupata.

Mama Kimara
Mwalimu mstaafu kwanza. Pensheni si mchezo.

Binti Pangani
Wapigie wote tisa leo, uwaambie ukweli. Asiye na haraka atasema, mwenye shida atasema. Na wa yadi mpe yake yote, siyo nusu, ili asiwe na sababu ya kurudi kuchungulia getini.

Bei Gani
Hao watatu ambao hajawaamua, namba ya bosi naweza kuipata?